Ngazi Yangu Iling'aa, Kogo Akavunjika Mkono

Wasee, hii si posti ya kuchekesha. Ukitaka kucheka, rudi kwa ile ya makanga wa Langas, iko hapo chini. Leo nimekuja kukosana na watu, na wa kwanza kwenye laini ni mimi mwenyewe.

Mnaikumbuka ile video yangu ya ngazi? Ya sekunde arobaini, iko na biti ya gengetone. Naanza na ngazi imevunjika pembe, naweka simiti, napiga niru, namwaga oksaidi nyekundu, nasugua na mwiko, na mwisho ngazi inang'aa mpaka unaona uso wako ndani. Mliipenda. Hakuna kitu nimewahi kuposti kimetazamwa kama hicho. Watu walinitaja kutoka Kitale, kutoka Kakamega, mpaka jamaa mmoja yuko Doha akasema inamkumbusha nyumbani. Pale juu nilikuwa nimeandika: "Wacha kulipa fundi, fanya mwenyewe, mia mbili tu." Nilijiona mjanja sana.

Ile ngazi ni ya nyumbani kwetu, Kimumu. Ngazi tatu za mlango wa mbele. Ilikuwa mwezi wa saba, na mvua ya Eldoret ya mwezi wa saba mnaijua, ile haina haraka, inaanza mchana na kulala hapo hapo. Asubuhi moja Kogo, nyanya yangu, alitoka na ndoo ya kukamulia kama anavyotoka kila siku tangu sijazaliwa. Akakanyaga ngazi ya pili. Ngazi yangu. Mguu ukateleza kama amekanyaga sabuni, akajikinga na mkono wa kulia, na mfupa wa kifundo cha mkono ukavunjika. Na ile pembe niliyojaza ikatoka yote, kipande kimoja, kama biskuti.

Kogo hakunilaumu. Akiwa amekaa pale kwa matope ameshikilia mkono, aliuliza kitu kimoja tu: ng'ombe atakamuliwa na nani.

Wiki sita amekaa na plasta. Nimekuwa nikikamua mimi, na ng'ombe hanipendi.

Kile kipande nilikiokota. Bado niko nacho, kiko hapa kwa meza kando ya simu. Upande wa juu ni mwekundu, unang'aa, msafi kabisa, ule mliouona kwa video. Ukikigeuza, nyuma yake kumejaa vumbi na ule ukungu wa kijani unaomea mahali maji hutulia. Hakuna hata punje moja ya ngazi ya zamani imeshikana nacho. Maanake simiti yangu haikuwahi kushika ngazi. Ilikuwa imewekwa tu juu yake, kama sahani juu ya meza, ikingoja mtu aikanyage.

Sasa nisikizeni. Sisi watu wa kuposti hatuuzi kazi. Tunauza mng'aro. Kazi ya kuziba kitu nje ya nyumba, asilimia kubwa yake ni kugonga, kufagia, kuosha, kulowesha na kungoja, na hakuna mtu atatazama mimi nikingoja. Kwa hivyo tunakata. Tunakata mahali pa kuosha, tunakata siku saba za kumwagilia maji, tunabakisha ile dakika tamu ya mwiko ukipita juu ya simiti laini. Halafu mtoto wa watu huko Munyaka anatazama, anaenda kununua kilo tano za simiti ya kupima, anafanya vile ameona. Amefanya vile ameona! Kosa si lake.

Na hii niru. Nitasema na mtanichukia, hasa wamama wa Eldoret: niru nje ya nyumba ni mtego. Kwa wale hawajui, niru ni simiti tupu na maji, bila mchanga, unapaka juu ya sakafu ikiwa bado mbichi na unasugua mpaka iwe kama kioo. Ndani ya sebule sina shida nayo, ipige, weka na polishi. Lakini ngazi ya nje, kwa mji uliokaa mita kama 2,100 juu ya bahari, mvua kutoka Machi mpaka Septemba, na udongo mwekundu unaoganda kwa kiatu? Unapaka kioo mahali watu wanakanyaga na viatu vya matope, halafu mtu akianguka tunasema ni uzee. Tena simiti tupu husinyaa kuliko simiti iliyo na mchanga, kwa hivyo huanza kupasuka nyufa ndogo ndogo kama ganda la yai, maji yanaingia, na baada ya muda inabanduka. Haishiki miguu, na yenyewe haishiki. Kazi yake ni kupendeza tu siku ya kwanza.

Na siku ya kwanza ndiyo siku ya video.

Mjomba wangu amefanya mjengo karibu miaka ishirini. Alianza kama mtu wa mkono, kubeba karai na kuchanganya, siku hizi ni fundi kamili. Aliposikia kuhusu Kogo alikuja Jumapili, hajabadilisha nguo za kanisa, akasimama mbele ya ngazi. Hakuniuliza kitu. Aliomba nyundo, akaanza kugonga ngazi polepole na kishikio, kila mahali, kama daktari anagonga mgongo.

"Sikiza," akasema. "Hapa inalia ti. Ni nzima. Hapa inalia po. Iko na hewa ndani."

Ngazi yangu ililia po, po, po, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Kijana yangu," akasema, "uliosha?"

"Nilifagia, mjomba."

"Sijauliza kama ulifagia."

Hayo ndiyo mafunzo yote, mengine ni maelezo. Lakini wacha niyatoe maelezo, juu posti ya kwanza iliyakata.

Tulianza na kubomoa, na hapo ndipo moyo uliniuma, nikitazama ile nyekundu yangu ikiruka vipande. Na nyundo na tindo, unaondoa kila kitu kinacholia po mpaka ufike mahali pagumu, hata kama utaacha shimo kubwa kuliko ulilolipata. Vaa miwani, hata ya jua, juu vipande vinaruka kwa macho. Kingo za lile shimo usiziache zimelala kama sahani. Unazichimba zisimame wima, au ziingie ndani kidogo chini, ndio simiti mpya ikiingia ikae kama jino kwa ufizi. Ukiacha kingo nyembamba, simiti inaisha kama unyoya, na ule unyoya ndio huanza kubanduka.

Halafu brashi ya waya. Halafu maji, mengi, unasugua mpaka maji yanayotoka ni safi. Halafu, na hapa nilitaka kulia, mjomba akaniambia tuiache usiku mzima na magunia yaliyoloweshwa juu yake. Nikauliza kwa nini tusijaze sahi tumalize. Akaniambia zege kuukuu ni kama mtu ametoka shambani na kiu. Ukimwekea simiti mbichi atainyonya maji yote, na simiti bila maji inabaki unga.

Hii ndiyo sehemu ilinishangaza kuliko zote, na nimesoma kemia mpaka Fomu Foo. Simiti haikauki. Yaani, sisi wote tunasema imekauka, lakini kinachoifanya iwe ngumu si maji kuondoka, ni maji kuungana na ule unga na kuwa kitu kingine, kama jiwe. Ndiyo maana inaweza kuwa ngumu hata chini ya maji, na ndiyo maana madaraja yako na nguzo ndani ya mito. Ukiiacha ikauke kwa jua siku ya kwanza, haujaimaliza, umeiua ikiwa katikati. Mainjinia hupima nguvu ya zege ikiwa na siku 28. Siku ishirini na nane! Mimi nilimaliza ngazi saa sita mchana na saa nane nilikuwa nimesharuka juu yake kwa video nikicheza. Mlishangilia. Nilikuwa naivunja mbele yenu.

Asubuhi iliyofuata tulichanganya. Pembe ilikuwa na kina kama cha ngumi, kwa hivyo mjomba hakutaka simiti na mchanga peke yake, alitia kokoto ndogo: karai moja ya simiti, mbili za mchanga, tatu za kokoto, ila sisi tulipima na mkebe wa rangi juu ngazi moja haitaki karai. Kama ni shimo jembamba tu, simiti moja kwa mchanga mitatu inatosha. Mchanga wenyewe aliuweka kwa chupa ya maji akaitikisa, akaiacha itulie, ndio aone udongo mwingapi unakaa juu. Ule wa kwanza tulinunua alirudisha. Mwenye duka alikasirika, mjomba akamwonyesha chupa, akanyamaza.

Maji ndipo kila mtu hukosea, na nilikosea zaidi. Mimi nilitengeneza uji. Uji ni rahisi, unamiminika, unajaza kila pembe, unapendeza kwa kamera. Lakini maji ya ziada ambayo simiti haiyahitaji hutoka baadaye na kuacha vitundu, na zege lenye vitundu ni dhaifu. Mfuko mmoja wa kilo 50 unahitaji maji kama lita 25, si zaidi sana. Kwa kazi ndogo, chukua konzi moja ufinye: ikishikana kama ugali mgumu bila kutiririsha maji kwa vidole, iko sawa. Na ufinye ukiwa na glavu. Mara ya kwanza nilichanganya na mikono mitupu na usiku vidole vilikuwa vinawaka, nikadhani ni mzio. Si mzio. Simiti mbichi inachoma ngozi, polepole, unajua ukiwa umeshachelewa. Kuna mafundi wako na makovu kwa magoti kwa sababu ya kupiga magoti kwa zege mbichi siku nzima.

Sehemu iliyobaki ni fupi. Ubao mbele ya ngazi, umeshikiliwa na matofali, ndio pembe ikae sawa. Simiti laini ya majimaji inapakwa na brashi kwa lile shimo, na kabla haijaanza kukauka unashindilia ule mchanganyiko ndani, ukiusukuma, usiurembe. Juu unasawazisha na ubao, ukiinamisha kidogo kwenda nje maji yasitulie. Halafu mjomba akachukua ufagio, ufagio wa kawaida wa kufagilia uwanja, akaupitisha juu ya ngazi mara moja, kutoka upande huu mpaka ule. Ikabaki na mistari. Mbaya, kijivu, kama barabara.

Nikasema, "Mjomba, haipendezi."

Akasema, "Mwambie Kogo."

Magunia mabichi juu, maji asubuhi, mchana na jioni, siku saba. Siku ya nne ndio tulianza kupita hapo. Haikuwa mia mbili, by the way. Ilikuwa mia nane na kitu, na hiyo ni baada ya kuazima tindo na nyundo, na kumlipa mjomba na chai peke yake juu ni mjomba.

Sasa, kuna wale mtasema, kwa hivyo turudi kwa mafundi, wewe si ulisema tuwache? Na wale wengine walisema kutoka mwanzo, wewe kijana unanyima mafundi riziki. Niliwapuuza. Nikawaambia fundi hataki kazi ya ngazi moja, na hapo sikuwa nimedanganya sana. Kabla nifanye ile video tulikuwa tumeita watatu. Mmoja alisema anakuja Jumatatu, hakusema ya mwaka gani. Mwingine alitaka kubomoa ngazi zote tatu ajenge upya. Wa tatu aliomba pesa ya vifaa na tukabaki kutazama picha yake ya wosapu. Kwa hivyo hasira yangu ilikuwa na msingi.

Lakini mjomba aliniambia kitu siwezi kukisahau. Alisema tangu mwezi wa sita kuna wateja wawili wamemwonyesha video yangu. Hawakujua ni mpwa wake. Mmoja alikuwa anakatalia bei ya kutengeneza veranda, akamwonyesha simu, akasema, "Huyu anasema ni mia mbili." Unaona? Ile video haikumnyima fundi kazi. Ilimnyima bei. Kazi alipewa, ya kufanywa vizuri, kwa pesa ya kufanya vibaya. Na fundi akilipwa pesa ya kufanya vibaya ataruka nini? Ataruka kuosha. Ataruka kumwagilia. Ataweka simiti kidogo na juu apige niru, juu niru inafunika kila dhambi. Tunajenga hii tabia sisi wenyewe halafu tunalia mafundi ni wezi.

Kwa hivyo msimamo wangu sasa ni huu, na niko tayari kubishana kwa komenti mpaka asubuhi. Jifunze hii kazi. Wote, na masiz pia, juu kuna dada aliniuliza kama ni kazi ya wanaume na jibu ni kwamba mkebe wa mchanga haujui wewe ni nani. Jifunze ngazi, jifunze pembe ya veranda, jifunze kuziba mtaro wa maji. Lakini usijifunze ndio umtukane fundi. Jifunze ndio akikuambia lazima tuloweshe usiku mzima usimwambie anakula siku. Ndio akiruka hatua, ujue. Hapa hapa mjini tuko na Eldoret National Polytechnic inafundisha ujenzi, na kama umefanya mjengo miaka bila karatasi, NITA iko na mitihani ya ufundi, kuanzia Gredi ya 3 mpaka ya 1. Mimi niko na marafiki wamekaa miaka miwili nyumbani wakingoja kazi ya ofisi na wanaona aibu kuonekana na karai. Nilifanya mjengo miezi miwili baada ya KCSE na nikaficha, nikawaambia watu niko kwa mjomba Kapsabet. Aibu ya nini? Nilikuwa Kapsoya nikibeba kokoto.

Na kuna kitu kingine ile video ilifanya watu waamini, kwamba kila ufa ni kazi ya simiti. Hapana. Hii nataka muisome polepole.

Nyumba nyingi za mtaani kwetu, Langas, Huruma, Munyaka, hata zetu, ni za udongo na zimepigwa plasta ya simiti nje. Zinaonekana kama za mawe mpaka plasta ianguke. Inaanguka aje? Udongo ni laini, unavuta maji na kuyatoa, unavimba na kusinyaa. Simiti ni ngumu, haifuati. Plasta inapasuka, mvua inaingia nyuma yake, haina pa kutokea, udongo unalegea, na siku moja ukuta unavua shati lote. Halafu tunafanya nini? Tunaongeza simiti! Kali zaidi! Tunapaka shati gumu zaidi juu ya mwili ule ule. Dawa ya pale huanzia kwa maji: weka mtaro wa bati, ondoa matope yanayorukia chini ya ukuta, tandika mawe au kokoto pale matone yanaangukia. Na kiraka kisiwe kigumu kuliko kile kimeshikilia.

Hii si hekima ya Eldoret peke yake. Nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na watu wa uhifadhi huko hupiga kelele kila siku kuhusu kuzitengeneza na simiti, juu ya hili hili. Chokaa hupumua, simiti hufungia unyevu ndani ya ukuta. Hiyo simiti tunayoiona kama dawa ya kila kitu ni ya juzi tu, ya aina hii ilisajiliwa Uingereza mwaka wa 1824. Watu wa pwani walikuwa wamejenga maghorofa karne nyingi kabla.

Ule ufa wa plasta, mwembamba kama nywele, usiosogea, huo ni wa kwako. Ufa unaopanda kwa ngazi ngazi kufuata mawe, au ulio mpana juu na mwembamba chini, au unaopita kando ya dirisha na mlango umeanza kukwama, huo achana nao. Chukua penseli, weka alama mwisho wake, andika tarehe kwa ukuta. Ngoja mwezi. Ukipita alama, msingi unasonga, na hakuna video itaurudisha. Tafuta injinia. Kuufunika na simiti na rangi ni kufunga mdomo wa mtu anayekuambia nyumba inaenda.

Msiniambie nazidisha. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jumba la ghorofa sita lilianguka Huruma, ile ya Nairobi, si yetu ya hapa. Zaidi ya watu 40 walikufa. Lilikuwa limeshawekewa alama kwamba si salama, na watu walikuwa bado wanalipa kodi ndani.

Kama uko kwa keja ya kukodi, kitu kimoja tu: usianze kugonga ngazi ya landilodi na tindo juu umesoma hii. Piga picha, mwandikie meseji, mkubaliane kwa maandishi kama gharama inatoka kwa kodi. Akikataa, utakuwa na picha na tarehe mtu akianguka. Landilodi wengine wanajua tu lugha ya tarehe.

Tulipewa hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Jiji la tano Kenya. Nilikuwa pale, nilipiga kelele kama wengine, Sisibo juu! Na tangu hapo kila ploti inataka kabro mbele. Sina shida na kabro. Lakini nenda uone zile zimewekwa juu ya matope bila kushindiliwa, bila ukingo wa kuzishikilia pembeni, na maji ya paa yote yanamwagika juu yake. Msimu mmoja zinacheza kama meno ya mtoto. Ni ile ile niru, imebadilisha jina. Tunataka kuonekana jiji, na mtaro hatujachimba.

Ile video sijaifuta. Kuna wenye walinishauri niifute nyamaze, na kuna wenye walisema niiache juu bado inaleta wafuasi. Nimeiacha na nimeandika juu yake kwa herufi kubwa USIFANYE HIVI, na chini nimeweka picha ya kile kipande upande wa nyuma. Watazamaji wameshuka. Sawa tu.

Lakini kuna msichana wa Munyaka alinitumia picha wiki jana, kabla sijaandika chochote. Ametengeneza ngazi ya mamake vile alivyoona kwangu, hatua kwa hatua, hata oksaidi ni ile ile. Inang'aa kuliko yangu. Aliandika, "Asante bro, umetuokolea pesa." Nilikaa na hiyo meseji siku tatu bila kujibu.

Nimemjibu leo asubuhi. Nimemwambia wasipitie pale, watumie mlango wa jikoni, na waweke gunia juu mvua ikinyesha. Jumamosi nakuja na mjomba, na tindo, na mkebe. Simiti ni juu yangu. Mamake amepiga simu jioni hii kuuliza kama ni lazima tuibomoe, juu imetoka vizuri sana, na majirani wameisifu.

Nimemwambia ni lazima, mama.